Jikoni kwa Ba

Katika nyumba nyingi nilizozijua utotoni Morogoro, mbogamboga zilikuwa kazi ya dakika za mwisho. Nyama iliinjikwa mapema, maharage yalilowekwa tangu jana yake, wali ulipaliwa makaa na kuchungwa usiungue. Mchicha ulikatwakatwa na kutiwa sufuriani watu wakiwa wameshanawa mikono. Mgeni aliyetukuta siku ya matembele aliombwa radhi, naye aliipokea radhi hiyo bila kupinga. Sikuona neno katika hayo mpaka nilipokwenda kusoma famasia katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, nikapanga chumba kwa bibi mmoja ambaye hakuwahi kuonja nyama maishani mwake na wala hakujiona amekosa kitu.

Chuo kilikuwa Vallabh Vidyanagar, mji wa vyuo ulio ubavuni mwa Anand. Wahindi wanaifahamu Anand kwa maziwa, maana ndiko ulikoanzia mwaka 1946 ushirika wa wafugaji ambao leo samli na siagi yake ya Amul inauzwa nchi nzima. Eneo lote lile huitwa Charotar, tambarare yenye udongo mzuri wa tumbaku, ndizi na viazi. Ndiko walikotoka pia akina Patel wengi waliovuka bahari kuja Afrika Mashariki zama za ukoloni, wakafungua maduka na kuajiriwa ofisini. Baba yake mwenye nyumba wangu alikuwa mmoja wao. Bibi huyu alizaliwa Tanga, katika nyumba ya duka la vitambaa, akaozwa Gujarat akiwa msichana, na hakurudi tena.

Wajukuu walimwita Ba, kama wanavyoitwa mama na bibi wa kule, nami nikamwita hivyo hivyo. Nilipokwenda kuulizia chumba nilimsalimu kwa Kigujarati cha kubahatisha nilichofundishwa na wanafunzi wenzangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza natoka wapi. Nilipomjibu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili kisicho na doa, "Sasa wewe mtoto wa Tanganyika, shikamoo umeiacha wapi?"

Nikaitoa.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Kabla sijaendelea, niseme jambo moja, kwa sababu huku kwetu watu hudhani kila Mhindi ni mla majani. Si kweli. Wahindi walio wengi hula nyama au samaki, na mtu wa Kerala au wa Bengal ukimnyima samaki utakuwa umemkosea sana. Gujarat ndiko ambako wasiokula nyama ni wengi, na sababu kubwa ni dini: Wahindu wa madhehebu ya Vaishnava na majirani zao Wajaini. Ba alikuwa Mvaishnava. Hakula nyama, samaki wala mayai, na jikoni mwake hakikuingia kitunguu maji wala kitunguu saumu. Wajaini wa nyumba ya pili walimzidi: hawakugusa hata viazi na karoti, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima pamoja na vijidudu vinavyoishi udongoni.

Mtu aliyelelewa na mchuzi wa kwetu atauliza: bila kitunguu, unaanzia wapi? Nami niliuliza. Jibu lilikuwa ndani ya mkebe wa bati wa mviringo uliokaa karibu na jiko, wenye vikebe saba vidogo na kijiko kimoja. Mlikuwa na haradali, bizari nyembamba ambayo wengine huiita jira, manjano, pilipili ya unga, mchanganyiko wa giligilani na jira zilizosagwa pamoja, uwatu na chumvi. Pembeni, katika kikopo chake chenye mfuniko wa kukaza, ulikaa mvuje. Ulifungiwa peke yake kwa sababu ya harufu: ungeachwa na wenzake, wote wangenuka mvuje.

Mvuje ni utomvu mkavu wa mizizi ya mmea unaoota Afghanistan, Iran na nchi za jirani. India ndiyo mlaji wake mkubwa, lakini kwa karne nyingi imekuwa ikiununua nje. Ni mwaka 2020 tu watafiti walipoanza kuupanda katika milima ya Himachal Pradesh. Ukiwa mbichi unanuka vibaya kweli. Ukitiwa kwenye mafuta ya moto, ule uvundo unavunjika, na jikoni inabaki harufu inayokaribia kitunguu kilichokaangwa na saumu kwa pamoja. Hivyo ndivyo mtu asiyekula kitunguu anavyokipata.

Palikuwa na sharti jingine lililonishangaza zaidi. Chakula cha Ba kilipelekwa kwanza mbele ya sanamu ndogo ya Krishna iliyokuwa katika kabati la ukutani, ndipo watu wakala. Kilichokwisha kuonjwa hakifai kutolewa sadaka, kwa hiyo mpishi haonji. Hakuna kuchovya mwiko na kulamba kiganja kama tufanyavyo. Chumvi inapimwa kwa mkono, na mengine yote yanajulikana kwa pua, kwa macho na kwa masikio. Mimi mchana nilikuwa maabara, napima miligramu kwenye mizani yenye kioo cha kuzuia upepo. Jioni nilikuwa nimesimama kando ya mtu aliyepika maisha yake yote bila kuonja, na hakosei.

Kazi yenyewe ilianza mapema kuliko jikoni. Asubuhi muuza mboga alipita mtaani akisukuma mkokoteni na kutangaza alichonacho kwa sauti ya kuvuta. Akina mama walimtokea getini. Ba alichagua biringanya mojamoja, akililaza kiganjani. Katika mawili ya ukubwa mmoja alichukua jepesi, kwani zito mara nyingi limeshakomaa mbegu. Bamia aliijaribu kwa kuvunja ncha: ikikatika kwa mlio ni changa, ikipinda aliirudisha. Masokoni kwetu ungeambiwa uinunue fungu zima, lakini yule kijana wa mkokoteni alitazama tu. Mwisho wa ununuzi aliongeza kotmiri na pilipili mbichi mbili tatu bila malipo, kama ilivyo desturi ya wauza mboga wa kule. Akijisahaulisha, Ba alibaki amesimama na kapu lake, hasemi kitu, mpaka alipokumbuka.

Mlo wa kila siku wa Wagujarati una vitu vinne: mboga, chapati nyembamba, wali, na mchuzi mwepesi wa mbaazi zilizokobolewa. Mbaazi hizo ndizo wanazolima wakulima wa Mtwara na Lindi wakilitegemea soko la India, na Ba alipenda kuniambia kwamba huenda tunakula za kwetu. Mboga aliyoipika mara nyingi ilikuwa biringanya na viazi, nayo nitaieleza jinsi nilivyoiona ikipikwa, kwa sababu somo lote limo humo.

Kwa watu wanne alikata nusu kilo ya biringanya na robo kilo ya viazi, vipande vya ukubwa mmoja. Biringanya aliliacha ndani ya maji lisiwe jeusi. Akainjika sufuria pana, akatia mafuta vijiko vitatu vya chakula, akasubiri. Akadondosha punje moja ya haradali: ikatulia chini. Akasubiri tena, akadondosha nyingine: ikaruka. Ndipo akatia iliyobaki, kama nusu kijiko cha chai, akafunika nusu sufuria kwa sahani. Zikaanza kupasuka, kwanza mojamoja, halafu kwa fujo, halafu mlio ukapungua. Pale mlio ulipopungua akatia nusu kijiko cha jira, ikabadilika rangi kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Kisha mvuje wa kubana kwa vidole viwili, kisha robo kijiko cha manjano, na papo hapo viazi na biringanya, chumvi, akageuza mara mbili tatu mpaka kila kipande kikashika rangi.

Hakutia maji. Alifunika sufuria kwa sinia la bati, akamimina maji juu ya lile sinia. Mvuke uliopanda kutoka kwenye mboga ulikutana na bati lililopozwa, ukageuka matone na kurudi chini, mboga zikaiva kwa maji yao wenyewe. Viazi vilipokubali ncha ya kisu ndipo ilipofika zamu ya pilipili ya unga, vijiko viwili vya chai vya ule mchanganyiko wa giligilani na jira, kipande cha sukari guru kinachotosha kuingia ndani ya kijiko, na nyanya iliyokatwa ndogondogo. Dakika chache baadaye moto ulizimwa, kotmiri ikanyunyizwa juu.

Mwanafunzi wa famasia hakukosa la kujifunza hapo. Vitu vinavyoleta harufu na rangi katika viungo vingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Manjano yana kurkumini, ambayo ukiikoroga katika maji matupu huzama na kutulia chini, lakini katika mafuta inasambaa na kushika kila kitu. Haradali nayo ilikuwa kipimajoto cha Ba: ndani ya punje mna unyevu kidogo, na mafuta yakifikia joto linalotakiwa unyevu ule hugeuka mvuke na kupasua ganda. Viungo vya unga huungua haraka kuliko vya punje, ndiyo maana manjano yalifuatwa mara moja na mboga zenye maji, na giligilani ikangoja mwishoni. Nyanya ilicheleweshwa kwa sababu uchachu huzuia viazi visilainike. Itie mapema, utapika saa nzima na kiazi bado kigumu moyoni. Ba hakuwahi kusoma kemia. Alijua tu kwamba kila kitu kina zamu yake, na kwamba asiyesubiri zamu atakula kitu kibichi au kilichoungua.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba ladha ya Kihindi ni wingi wa viungo. Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam mchuzi wa Kihindi unataka nini, atakutajia viungo kumi na ushee, au atakuonyesha pakiti moja ya bizari ya mchuzi iliyochanganya vyote. Mboga ya kila siku ya Ba haikuzidi vitano au sita. Karafuu, iliki na mdalasini zilikuwapo, lakini zilikaa kabati la juu zikisubiri chai na wali wa wageni. Karafuu alisema lazima ziwe za Unguja, na hilo sikubishana naye.

Wala uasili haukuwa katika mazao. Viazi, nyanya na pilipili vyote asili yake ni Amerika. Vilifika India baada ya Wareno kufungua njia ya bahari, hao hao walioitwaa Goa mwaka 1510 na baadaye Diu, iliyo kwenye pwani ya Gujarat yenyewe, mwaka 1535. Ukivitoa hivyo vitatu katika sufuria ya Ba, linabaki biringanya. Kilichokuwa cha mababu zake ni utaratibu: mafuta yaive, punje zitangulie, unga ufuate, mboga ipewe muda wake. Mazao mageni yalipofika yaliingizwa katika utaratibu huo, yakawa ya kwao. Mama yake Ba alifanya hivyo hivyo Tanga kwa muhogo na maboga.

Utaratibu huo ulikuwa na mizizi mirefu kuliko jioni moja. Kati ya Machi na Mei, jua la Gujarat linapopita nyuzi 40, nyumba nyingi hununua viungo vya mwaka mzima. Jira mpya inakuwa imeshavunwa na kufika Unjha, mji wa kaskazini mwa jimbo wenye soko kubwa la jira kuliko yote India. Wakwe wa Ba walileta magunia madogo ya giligilani, pilipili kavu na mizizi ya manjano, wakaanika darini juu ya mashuka, wakachambua vijiti na mawe, wakapeleka mashineni kusaga. Pilipili ya unga ilisuguliwa mafuta kidogo ili isipoteze rangi, ikashindiliwa mitungini pamoja na vipande vya mvuje vya kufukuza wadudu. Ngano ya mwaka ilipakwa mafuta ya mbarika kwa ajili hiyo hiyo. Mtu akikuambia mboga ile ilipikwa kwa nusu saa, mwulize ameanza kuhesabu lini.

Halafu kulikuwa na tarehe 14 Januari. Siku hiyo Gujarat nzima hupanda madarini kurusha tiara, na chakula chake ni undhiyu, chungu cha mbogamboga za majira ya baridi chenye asili ya Surat. Ba alikianza siku moja kabla. Ndani yake mlikuwa na maharage mabichi ya maganda bapa, viazi vitamu, viazi vikuu vya zambarau, ndizi mbichi, na vibiringanya vilivyopasuliwa msalaba bila kukatwa kikonyo, vikajazwa nazi, ufuta, kotmiri na karanga zilizotwangwa. Katikati vilipangwa vibonge vya unga wa dengu na majani ya uwatu vilivyokwisha kukaangwa. Kila kitu kiliingia kwa kadiri ya ugumu wake, na chungu kilipoanza kuiva mwiko uliwekwa kando. Ba alikishika masikio kwa vitambaa na kukitikisa, ili vipande visivunjike.

Watu walikuja wengi. Vijana walishuka darini mikono imekatwakatwa na nyuzi za tiara, wakala wamesimama, wakapanda tena. Niliwatazama wakipigania vile vibiringanya na nikawaza kwamba kwetu siku kama ile angechinjwa mbuzi. Hawa walikuwa na sherehe kamili, jasho la wapishi wawili wa siku mbili, na hakuna aliyemwomba mwenzake radhi kwa kukosa chochote.

Nilirudi nyumbani, sasa naishi Dodoma na ninaendesha duka la dawa. Jumapili jikoni ni kwangu. Haradali na mvuje huagiza Dar es Salaam kwenye maduka ya Kisutu. Mama yangu, ambaye kwao ni Bagamoyo, alipousikia mvuje kwa mara ya kwanza jikoni kwangu aliuliza ni mtoto gani anaumwa, kwa maana pwani tunaujua kwa kumfukizia mgonjwa, si kwa kuungia mchuzi. Shemeji yangu naye, kila akija, hukagua meza na kuuliza nyama iko wapi. Hajaacha kuuliza, na hajaacha kurudia sahani.

Sipiki vya Gujarat peke yake. Utaratibu wa Ba unakubali mboga zetu, na hilo ndilo lililonifaa zaidi. Boga la kawaida, likipata haradali, uwatu punje chache na sukari guru kidogo, linakuwa chakula cha kumkaribishia mtu. Kabichi ikikatwa nyembamba na kugeuzwa upesi kwenye jira na manjano haihitaji nyanya tano za kuisaidia. Bamia nazikausha kwa kitambaa kabla ya kuzikata, nazikaanga bila kufunika na chumvi natia mwisho, na utelezi unapungua. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachogharimu kuliko tulichokuwa tukikipika. Kinachoongezeka ni uangalifu.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani upishi wa namna hii ni anasa. Sisi ustadi wetu tumeuwekea akiba. Pilau la harusi litapata wapishi hodari, kuni za kuchagua na usiku kucha wa kukesha. Biriani la Idi litasimuliwa wiki nzima. Lakini familia nyingi hula nyama mara chache, na siku nyingine zote sufuria ni ya majani, maharage na maboga. Tunaupa ustadi mlo wa nadra na kuunyima mlo wa kila siku, halafu tunashangaa watoto wanapoisukuma mboga pembeni ya sahani. Ba aliutia ustadi wake pale ilipokuwa sehemu kubwa ya maisha yake, jioni za kawaida, biringanya na viazi.

Anayetaka kuanza asinunue viungo kumi. Anunue vitatu: haradali, jira na manjano. Achukue kabichi au boga, mafuta yasiwe ya kubania, na asimame pale jikoni bila simu mkononi mpaka punje zinyamaze. Arudie mboga hiyo hiyo hadi ajue mlio wa mafuta yaliyoiva na harufu ya jira sekunde moja kabla haijaungua. Vingine atavinunua vikihitajika.